Mama Ana Sukari, Zahanati Haina Stripu



Mtaani mtu akisikia kwamba fulani amepatikana na sukari, swali la kwanza huwa si "anatumia dawa gani" wala "anaendeleaje". Ni "kwani alikuwa akila nini?" Na linaulizwa kwa sauti ile ya kuhukumu, kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Basi wagonjwa wamejifunza kuficha. Wako kina mama wanaotoa vidonge kwenye karatasi zake na kuvifunga kwenye pembe ya leso ili wageni wasijue. Wako wanaume, madereva na watu wa kupakia mizigo, ambao hawatasema kazini hata siku moja manake wanaogopa kuonekana wamekwisha. Na wako mabinti wenye sukari tangu utotoni wanaoambiwa nyumbani wanyamaze, "utakosa mchumba".

Swali hilo tuliache. Kwanza, kwa wagonjwa wengine halina maana yoyote. Mtoto wa miaka saba anayepata kisukari cha aina ya kwanza hakula kitu kibaya: kinga ya mwili wake imeshambulia zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, basi. Hakuna halua iliyosababisha, hakuna kijicho, na hakuna mzazi wa kulaumiwa. Aina ya pili, hii ya wazee wetu na siku hizi ya watu wa miaka thelathini pia, ina mambo mengi ndani yake: damu ya ukoo, uzito, kukaa kitako kutwa, umri, na ndiyo, chakula. Lakini hata hicho chakula tukizungumze kwa uadilifu, kwa sababu bei ndiyo inayomchagulia maskini sahani yake kabla hajafika jikoni.

Pili, swali hilo linawafukuza watu kwenye vipimo. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari maishani mwao. Wengi wanakuja kujua wakiwa tayari macho yana ukungu, au kidonda cha mguu kimekataa kupona, au daktari anataja figo. Na ikifika kwenye figo, maisha ya nyumba nzima yanageuka ratiba ya mashine, mara mbili kwa wiki, na nauli juu yake.

Kwa hiyo pima. Wewe kijana, sio mama peke yake. Ikiwa mzazi wako ana sukari ya aina ya pili, wewe uko karibu nayo kuliko mwenzako. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula chochote kikisoma 7.0 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikasoma vivyo hivyo, hiyo ni sukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko mlangoni, na hapo ndipo mahali pazuri pa kugeukia. Ukiwa na kiu isiyokatika, unaamka usiku kukojoa mara tatu nne, unapungua bila sababu, usingoje asubuhi wala wiki ijayo. Mtoto mdogo mwenye dalili hizo, tena anatapika na anahema kwa nguvu, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, sio kupelekwa kusomewa kwanza halafu kesho tutaona. Dua mtamwombea njiani.

Na kuna jambo ambalo wengi hamlitumii. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya wa jamii, wale CHP wa mitaani, mikoba ya vifaa, na ndani yake kuna mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Yupo mmoja anayehudumia nyumba zenu. Je, unamjua jina? Amewahi kubisha? Akibisha akasema mashine ipo lakini stripu zimekwisha, liweke neno hilo akilini, nitalirudia.

Sasa jikoni.

Mimi si katika wale wanaotuambia tuache chakula chetu. Kila mara nikiona ushauri wa lishe nakuta picha ya sahani yenye vitu ambavyo soko la Kongowea halijawahi kuviona. Chakula cha Pwani kina mambo mazuri sana. Mbaazi za nazi ni chakula bora kwa mwenye sukari kuliko mkate wowote, kwa sababu kunde zote zinasagwa polepole tumboni na sukari haipandi kwa ghafla. Pojo vivyo hivyo. Mchicha, mnavu, kisamvu, bamia, samaki wa kuchoma, dagaa, kahawa tungu isiyotiwa kitu. Shida ya asubuhi si mbaazi, ni yale mahamri matano yanayozisindikiza na kikombe cha chai chenye vijiko vinne.

Na hebu tuangalie ile chupa ya chai. Nyumba nyingi sukari inatiwa kwenye sufuria kabla chai haijaingia kwenye chupa. Mmoja anaamulia kumi. Mwenye sukari, mwenye presha, mtoto wa miaka mitatu, wote wanakunywa kipimo cha yule anayependa tamu kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Chupa ya soda ya nusu lita peke yake huwa na gramu kama hamsini, yaani zaidi ya vijiko kumi. Tengeneza chai bila sukari, weka bakuli la sukari pembeni, kila mtu ajitilie na ajue anachotia. Ni kitu kidogo mno. Lakini jaribu kukifanya wiki moja uone vita vitakavyozuka, manake kwetu chai isiyo tamu inahesabiwa ni ubahili.

Kitu cha pili ni sinia. Kula pamoja ni katika mambo mazuri tuliyo nayo na sitaki yaondoke. Ila kwenye sinia la wali hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mkono unakwenda tu na mazungumzo yanaendelea. Kwa mwenye sukari, kipimo ndicho dawa nusu. Basi mpakulieni sehemu yake pembeni ya sinia lile lile, mboga nusu, wali robo, samaki au kunde robo, na asionekane ametengwa. Au anzeni wote na kachumbari na mchicha kabla ya wali. Mboga ikitangulia, sukari ya wali hupanda kwa upole zaidi.

Juisi ya miwa, nayo ati ni "natural". Ni sukari. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Sharubati ya nyumbani iliyotiwa vijiko vinane kwenye jagi nayo ni hivyo hivyo hata kama embe lilitoka shambani kwa babu. Na wale wanaoshinda barazani na muguka kisha wanasukumia soda mbili tatu ili kukata uchungu, hao hata sijui nianzie wapi. Chakula hawali, usingizi hawalali, na hesabu ya sukari wanayokunywa kwa siku hawaitaki kuisikia.

Najua kuna atakayesema: "Wewe waongea tu, kibarua anapata mia tano kwa siku, atanunua samaki gani?" Ni kweli. Unga wa ngano, mafuta na sukari ndivyo vitu vinavyoshibisha kwa pesa kidogo, na ndiyo sababu viazi karai na mahamri yako kila kona na mchicha uliopikwa hauko. Ndiyo pia sababu siukubali ule ubishi wa "serikali ndo inakula mahamri?" Katiba yetu, Kifungu cha 43, inataja afya, na mistari michache chini yake inataja chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Viliwekwa pamoja. Mtoto wa shule aliye na shilingi ishirini, na mlangoni pa shule hakuna kitu ila kachri, peremende na juisi ya rangi, hakuchagua.

Nisiwasahau miguu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za nyayo, mtu anakanyaga msumari hajui. Mzee mwenye sukari kuvuka ua wa msikiti pekupeku saa ya adhuhuri, sakafu ikiwa moto, ni hatari ya kweli. Wapo waliotoka malengelenge bila kuhisi kitu. Na hapa tuna fursa ambayo wengine hawana. Udhu ni mara tano kwa siku, na kila mara mguu unashikwa kwa mkono. Basi mtazame mzee wako miguu mara moja kwa siku wakati huo, katikati ya vidole, na chini ya kisigino. Baada ya maji, kausha kati ya vidole kwa kitambaa, kwa sababu unyevu ukikaa hapo ngozi inapasuka na kidonda kinaanza. Kidonda chochote, hata kiwe kama tundu la sindano, ni cha zahanati siku hiyo hiyo. Kukatwa mguu mara nyingi kulianza na kitu ambacho familia ilisema "kitapoa tu".

Ramadhani. Hapa ndipo tunapopoteza watu wetu kwa heshima isiyo na msingi. Aya ya saumu katika Surat al-Baqara ilimtaja mgonjwa kwa jina la hali yake na kumpa ruhusa. Mzee akiambiwa na daktari asifunge, halafu akafunga kwa sababu ya kuona haya mbele ya wajukuu, hiyo haya tumempa sisi. Asiyetarajiwa kupona ana fidya, aende akaulize sheikh wake, njia iko wazi.

Wengi wanaweza kufunga, lakini kwa mpango. Mwongozo wa kimataifa wa sukari na Ramadhani unashauri kumwona daktari wiki sita hadi nane kabla, yaani Rajabu ikiandama tu, mpelekeni. Vidonge vya asubuhi huenda vikahamia futari. Glibenklamidi, kidonge ambacho wazee wengi wanacho, kinaweza kuishusha sukari mno kwa mtu mwenye njaa, hivyo kisiguswe kwa kubahatisha wala kwa kuuliza jirani. Kupima sukari kwa kudunga kidole hakuharibu saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililizungumzia suala la kutoa damu ya vipimo katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997. Kwa hiyo pima mchana. Ikishuka chini ya 3.9, fungua. Ikipanda juu ya 16.6, fungua. Ikiwa mtu anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea ovyo, na mashine haipo karibu, fungua. Mpe kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda, mngoje dakika 15, umpime tena. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali. Na Kifungu cha 43 hicho hicho kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukiulizwa pesa kwanza mlangoni, kitaje.

Halafu kuna wauza dawa za "kuponya sukari kabisa kwa siku arobaini". Sina ugomvi na habasoda wala mronge. Kula, kunywa, Allah akujaalie. Ugomvi wangu ni na yule anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili hiyo yake "ifanye kazi". Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini hana miezi, ana siku. Anayeuza maneno hayo kwa sauti tamu kwenye simu zetu anafanya biashara na roho za watu, na kila mnapoisambaza video yake "kwa ajili ya kheri" mnamfanyia matangazo bure.

Insulini yenyewe ina habari ambayo hunitia uchungu. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na waliogundua waliuza hataza yake kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, kwa sababu hawakutaka mtu aifanye mtaji. Zaidi ya miaka mia imepita na bado kuna mtoto Tana River ambaye mamake anaigawa chupa ili ifike mwisho wa mwezi. Wengine huambiwa "huna friji, hatuwezi kukupa ukaweke nyumbani", basi wanatembea kila siku kufuata sindano. Suala hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, wakairudia hali hiyo maabara, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu zake. Hiyo ni kwa chupa inayotumika, kivulini. Sio ndani ya gari, sio dirishani penye jua, na kamwe sio kwenye sehemu ya barafu, manake ikiganda imeharibika. Mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga wa maji, unasaidia sana kwenye joto kavu la Garissa na Wajir. Mombasa, kwa unyevu wetu huu, unasaidia kidogo. La msingi ni kwamba kukosa friji kusiwe sababu ya kumnyima mtu dawa yake, na daktari akilisema hilo muulizeni kwa adabu kama ameuona utafiti wa Dadaab.

Nilisema nitarudi kwenye stripu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haiko tena, tuko SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na asiye na mshahara anapigiwa hesabu ya mapato ya nyumba, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena alipe ya mwaka mzima. Lakini tofautisheni vitu viwili. Huduma za ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Mgonjwa aliyejisajili hatakiwi kutoa kitu hapo hata kama hajalipa ule mchango. Kwa hiyo msajili mama, piga *147# kwenye simu yake, mkae pamoja mpaka mmalize. Ule mchango ni wa hospitali kubwa, kulazwa na figo, na ukiuweza usiuache.

Sasa mama amesajiliwa, anakwenda zahanati, mlango uko wazi, mhudumu yuko, huduma ni bure. Anaambiwa metformini hakuna, kanunue kwa kemisti. Stripu hakuna, kanunue kwa kemisti. Bure ya nini basi? Kiboksi cha stripu hamsini kinakula zaidi ya kibarua cha siku moja, na asiye na stripu anameza dawa gizani. Metformini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni dawa ya zamani na rahisi kutengenezwa, haina udhuru wa kukosekana. Zahanati ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Sio Nairobi. Ni gavana uliyempigia kura, na MCA ambaye unajua anakaa nyumba ipi na anaswali msikiti upi.

Kazi hii ni ya vijana, kwa sababu mama hatakwenda kuandika barua na nyinyi mnaandika kutwa kwenye simu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kueleza sababu na bila kulipia ombi. Ofisi ina siku 21 kujibu. Isipojibu, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wanayoiita Ombudsman. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na vikao vya kusikiliza wananchi hufanywa kabla hayajapitishwa mwezi Juni. Ukienda kule na malalamiko matupu watakupa maji ya chupa na kukushukuru. Ukienda na jibu la maandishi la idara yenyewe, mambo hubadilika ukumbini.

Barua iwe fupi. Taja zahanati moja, ya kwenu. Uliza katika miezi 12 iliyopita metformini ilikosekana siku ngapi, glibenklamidi siku ngapi, insulini siku ngapi, na stripu siku ngapi. Uliza kaunti iliagiza kiasi gani kutoka KEMSA na kuna deni kiasi gani. Uliza wahudumu wa jamii wa wadi yenu mara ya mwisho walipewa stripu lini. Chapisha nakala mbili, peleka ofisi ya waziri wa afya wa kaunti, na usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.